Rekodi ya hebaria ni nini?

Hebaria ni hifadhi ya mimea iliyobanwa, ikakaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu. Ya kwetu, Hebaria ya Afrika Mashariki, iko Nairobi chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ilianzia Amani, kwenye milima ya Usambara, mwaka 1902, ikahamia Nairobi 1950, na leo ina sampuli zinazokaribia milioni moja.

Tawi kavu peke yake halijawa rekodi. Rekodi ni tawi pamoja na lebo yake: nani amelichuma na ni la namba gani katika orodha yake ya sampuli, lini, wapi, mwinuko gani kutoka usawa wa bahari, udongo wa namna gani, mti una urefu gani, ua lilikuwa rangi gani (rangi nyingi hupotea mmea ukikauka), na wenyeji wanauitaje. Lebo ikipotea, unabaki na majani makavu.

Chukua mti wa mrihi. Ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kusini mwa Malindi, unaota kwenye mchanga mweupe. Ukifika penye udongo mwekundu, msitu unabadilika na miti mingine inashika nafasi. Ukizidi kwenda bara utakikuta kilima cha Mangea, ambacho kimepita mita 500. Sasa mtu akichuma tawi popote kati ya sehemu hizo akaandika "Malindi" tu, atakayelisoma miaka 60 baadaye atajua nini? Huenda ni mjini, huenda ni msituni, huenda ni mlimani. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu halirekebishiki.

Jina la kienyeji nalo lisidharauliwe, ila liandikwe na lugha yake, Kiamu au Kigiriama. Mwarubaini wengine tunauita mkilifi. Asiyejua atadhani ni miti miwili.

Kukausha ndiko kunakotushinda sisi wa pwani. Tawi lenye ua au tunda hulazwa ndani ya gazeti, jani moja likigeuzwa ili upande wa chini uonekane, kisha magazeti hupangwa kati ya mbao mbili na kukazwa kwa mikanda. Wakati wa masika hewa yenyewe ina maji. Sampuli zangu za kwanza nilizibana jioni, nikazifungua siku ya tatu: gazeti limelowa, ukungu mweupe umetanda juu ya maua. Ilinipasa kubadilisha magazeti kila siku, na siku za mwanzo hata mara mbili.

Kuna jambo jingine la kuangalia unaposoma rekodi hizi. Mmea usipokuwa na rekodi kutoka kilima fulani, usiseme haupo. Wakusanyaji wengi walifuata barabara, na vilima vya bara ya Malindi na Lamu havikufikiwa sawasawa. Lakini rekodi ikiwepo, ni ushahidi: siku hiyo, mahali hapo, mmea huu ulikuwepo na ulikuwa na maua, hata kama leo pamelimwa mahindi.

Ukienda kuchuma bila chombo cha kupima mahali (GPS), andika hivi: kijiji kilicho karibu, umbali na upande kutoka hapo, juu au chini ya mteremko, na rangi ya udongo ulioukanyaga. Andika ukiwa palepale, kwa penseli, kabla tawi halijaingia kwenye gazeti.