Vua Hiyo Nailoni: Jasho Si Mafuta

Nilimsikia kabla sijamwona. Saa 11:30 alfajiri, Raskazoni, giza bado halijaachia, na kila hatua inatoa sauti: chakacha, chakacha, kama mtu anayehangaika kufungua pakiti ya biskuti msibani. Alipofika chini ya taa ndipo nikaona mambo. Traksuti, juu yake sweta, na chini ya sweta, kuanzia mbavuni hadi nyongani, kajizungushia nailoni ile nyembamba ya kufunikia chakula. Mwezi wa pili, Tanga hii, upepo wa kaskazi umegoma na jani la mnazi halitikisiki.

"Shikamoo mama. Hiyo nini?"

"Marahaba mwanangu. Nayeyusha."

Miaka kumi na minne nafundisha mazoezi mji huu, na neno hilo sasa linanikaa kooni kama mwiba wa changu. Nayeyusha. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, sokoni nyanya unabeba kwa kikapu chako, lakini nailoni ya kujifunga tumbo haijawahi kuadimika. Asiye na nailoni ana koti la mvua. Asiye na koti ana mkanda wa mpira alionunua mtandaoni, unaombana hadi anapumua kama samaki aliyetolewa majini.

Siku ile sikubishana. Mizani huwa natembea nayo kwenye kapu la baiskeli, nikaiweka juu ya sakafu ya saruji, mama akapanda: kilo 91.4. Tukatembea naye dakika arobaini, mwendo wa kuharakisha, tukarudi. Akapanda tena: 90.6. Akapiga kigelegele, wavuvi wakageuka kutazama. "Si unaona? Karibu kilo nzima!" Nikampa chupa ya maji ya mililita 500, akainywa yote bila kupumzika, maana kiu ilikuwa inamuua. Nikamwambia apande mara ya tatu. Ikasoma 91.1.

Akanitazama kwa huzuni ya kweli. "Kumbe maji yananenepesha?"

Hapana, mama. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, ikiwa kwenye ndoo au ikiwa tumboni mwako. Ulichopoteza ni maji na chumvi kidogo, na ukinywa vinarudi. Mafuta hayakuguswa na nailoni hata chembe. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kalori kama 7,700. Mtu wa kilo 80 akitembea kwa kuharakisha saa nzima anatumia kalori 300 hadi 350 hivi. Piga hesabu mwenyewe: kilo moja ya mafuta ni saa ishirini na kitu za kutembea, kama chakula hakijabadilika. Sasa mtu anakuja kuniambia ameyeyusha kilo kwa dakika arobaini! Hiyo siagi imekaa juani?

Na ukitaka ushahidi wa bure, hauko mbali. Mpika chapati amekaa mbele ya jiko la mkaa tangu alfajiri, jasho linamchuruzika kwenye kidevu mpaka unaogopa litaingia kwenye unga, na mwili wake ni uleule mwaka wa tano sasa. Wazee wanaocheza bao barazani Ngamiani wanalowa mgongo mzima bila kunyanyua kitu kizito kuliko kete. Kama jasho lingekuwa mafuta, Tanga kusingekuwa na kitambi hata kimoja, na watu wa Lushoto kwenye baridi wangekuwa ndio wanene wa mkoa.

Mafuta yanatoka wapi basi? Swali hili huwa nauliza kila kundi jipya, na bado sijapata wa kunijibu mara ya kwanza. Mimi mwenyewe nilikuwa nafundisha kwamba yanageuka nguvu na joto, basi yameisha. Desemba 2014 jarida la tiba la BMJ lilichapisha hesabu ya Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia: mafuta yakiunguzwa mwilini, asilimia 84 ya uzito wake hutoka kwa mapafu kama hewa ya kabonidayoksaidi, na asilimia 16 inakuwa maji. Kilo kumi za mafuta, kilo 8.4 umezitoa kwa pumzi. Waliwauliza madaktari, wataalamu wa lishe na walimu wa mazoezi, na wengi walikosea kama nilivyokosea mimi. (Na wewe unayetaka kuanza kupumua harakaharaka umekaa kwenye kochi, usijisumbue, utapata kizunguzungu tu. Mwili huunguza mafuta kwa kadiri ya kazi unayoupa. Pumzi inafuata kazi.)

Kazi ya jasho ni moja, kupoza mwili, na linapoza pale linapokauka juu ya ngozi. Pwani hii hewa imejaa unyevu, jasho halikauki, linadondoka tu chini na joto linabaki na wewe. Ukiongeza nailoni, umeziba hata kale kanafasi kalikobaki. Moyo unalazimika kusukuma damu nyingi kwenye ngozi kutafuta ubaridi, huku misuli nayo inadai yake. Unachoka mapema. Mtu ambaye angetembea saa nzima anaishia dakika ishirini na tano kashika magoti. Kwa hiyo nailoni inakupunguzia hata hizo kalori ulizokuja kuzitafuta, na hapo ndipo ninapochoka kueleza.

Wengine wanadhani hatari natia chumvi. Mwishoni mwa 1997, wanamieleka watatu wa vyuo huko Marekani, vijana wa miaka 19 hadi 22, walikufa ndani ya wiki chache wakijaribu kushusha uzito kwa jasho: mavazi ya plastiki, vyumba vya joto, maji wamejinyima. Mwanzoni mwa 1998 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kikayapiga marufuku mavazi hayo. Wale walikuwa wanamichezo wenye afya. Wewe una presha, unameza dawa ya kukojosha kila asubuhi, halafu unajifunga nailoni saa nne jua kali? Ukisikia kichefuchefu, kichwa kinagonga na maneno yanakupotea, simama, kaa kivulini, vua hayo madude, mwagiwa maji, na mtu akupeleke hospitali.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni jambo jingine. Nailoni ndiyo inayowatoa watu kwenye mazoezi. Nimeliona mara nyingi mpaka naweza kukutajia wiki. Wiki ya kwanza mtu anapanda mizani kila baada ya jasho, anashuka nusu kilo, furaha. Jioni anakunywa maji na kula wali wake, asubuhi uzito uko palepale. Wiki ya pili anaongeza sweta. Wiki ya tatu simuoni. Nikikutana naye sokoni anainamisha kichwa: "Mwalimu, mwili wangu mgumu, sisi kwetu ni wanene tu." Mwili wake hauna ugumu wowote. Ameupima kwa kipimo cha maji, ukamjibu majibu ya maji.

Ndiyo maana wanaofanya mazoezi na mimi nawakataza mizani mwezi mzima wa kwanza. Chukua tepu ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu kila baada ya wiki mbili, asubuhi kabla ya chai. Mwanamume, hesabu tundu la mkanda. Pima pia pumzi: njia ileile, ni mara ngapi ulisimama? Kuna baba mmoja wa Makorora ambaye uzito haukushuka hata kilo mbili kwa miezi mitatu, ila alikuja kunionyesha mkanda ametoboa tundu jipya kwa msumari wa moto, anacheka kama mtoto.

"Nasubiri mzuka." Hili la pili kwa kunikera. Watu wanadhani sisi tunaoonekana barabarani alfajiri tuna mzuka wa kuzaliwa. Mwezi wa nne masika ikipiga bati, mimi nina usingizi na mafua, mzuka sina. Nilicho nacho ni mgosi mmoja anayenisubiri kona ya Chumbageni, na nisipotokea atanitangaza barazani hadi Ijumaa. Mji huu hakuna dawa ya uvivu inayoshinda kuogopa kusemwa. Tafuta mtu wa kukusubiri. Raba ziweke mlangoni usiku. Jiambie unaenda dakika kumi tu. Ukishafika nje, mara nyingi utaunganisha hadi thelathini. Hamu huja mwili ukishapata moto, ikija kabla ya hapo mshukuru Mungu.

Na zile "siku 21 unakuwa umezoea" zinazozunguka kwenye simu zenu, sijui nani aliwathibitishia. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 wakijenga mazoea mapya, matokeo yakachapishwa 2010: makadirio yao yalianzia siku 18 hadi 254, na mtu wa katikati alichukua siku kama 66. Kwa hiyo ukifika siku ya 22 na bado kitanda ni kitamu, hujashindwa, hata theluthi ya hizo 66 ndiyo kwanza unaivuka. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Umeenda harusini Pangani, umekula pilau, umelala saa tisa usiku? Kesho yake rudi. Watu wanaacha mwezi mzima kwa sababu ya siku moja, kama vile funguo zimepotea.

"Nikipiga sitapu nyingi tumbo litakatika." Mwaka 1984 watafiti wa Marekani waliwapigisha wanaume sitapu zaidi ya 5,000 kwa siku 27, wakachukua vipande vya mafuta ya tumboni, mgongoni na makalioni kupima. Seli za mafuta za tumboni hazikupungua kuliko za kwingine. Sitapu hukaza misuli iliyo chini, sawa, lakini nyama uzembe ya juu inaondoka kwa zamu ambayo mwili wenyewe umeipanga, si wewe.

"Nikianza halafu nikaacha nitanenepa maradufu, bora nisianze kabisa." Misuli haigeuki mafuta, kama vile muhogo haugeuki nazi. Anayenenepa baada ya kuacha ni yule aliyeacha kukimbia lakini sahani ya mchezaji wa Coastal Union bado anaijaza.

"Vyuma vitanifanya kama mwanamume," huja kwa sauti ya chini, kwa kawaida kutoka kwa dada anayebeba ndoo ya lita 20 kichwani tangu utotoni. Homoni inayojenga misuli mikubwa mnayo kidogo sana kulinganisha na wanaume. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linawataka watu wazima wote, wake kwa waume, wafanye mazoezi ya kukaza misuli angalau siku mbili kwa wiki, juu ya zile dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani. Huna jimu? Chupa mbili za maji na kiti cha kukalia na kusimama vinatosha kuanzia.

Maumivu ya kesho yake si dalili kwamba zoezi "limekubali". Ni misuli kushtushwa na kitu kigeni. Ikiuma kila siku, unakosea. Maji moto na ndimu ni kinywaji kizuri, kinywe, lakini hakikati kitu. Hatua 10,000 zilianzia kwenye kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, jina lake tu likawa sheria ya dunia. Utafiti wa wanawake wazee Marekani uliotoka 2019 uliona faida tangu hatua kama 4,400 kwa siku, na baada ya 7,500 hivi haikuongezeka tena. Usilie simu ikikuonyesha 6,000.

Na la baiskeli, mniruhusu. Wageni wakifika Tanga wanashangaa baiskeli, mji umetandikwa kama mkeka, barabara za Ngamiani zimenyooka na zimepewa namba kabisa usipotee. Halafu mwenyeji wangu anapanda bodaboda kutoka barabara ya nane hadi ya kumi na mbili, analipa, kisha jioni ananiuliza jimu yangu kiingilio shilingi ngapi. Baiskeli iko uani kwake, imefunikwa gunia, anaanikia kanga juu yake.

Mama wa chakacha bado tunaye. Kiuno kimepungua sentimita sita tangu mwezi ule wa pili, mizani nimemrudishia na siku hizi anaipanda kwa dharau. Juzi kaniletea maandazi ya kuanzia siku, manne, ya iliki. Yalikuwa yamefungwa kwenye nailoni.