Ukiniuliza unywe maji kiasi gani, nitakuuliza choo kiko wapi

Kaskazi ikianza kuvuma, Desemba mpaka Machi, simu yangu haipumziki. Mimi ni daktari wa afya kazini hapa Dar es Salaam, na ninaowafuata ni watu wa juani: saidia fundi, wapagazi wa Kariakoo, bodaboda, mama lishe.

Joto la pwani lina tabu yake. Kipimajoto kinasoma 32, na mtu wa Dodoma anaweza kuona hiyo si kitu. Lakini mwili hupoa pale jasho linapokauka juu ya ngozi, na hewa yetu imeshiba unyevu. Jasho linatiririka tu, halikauki. Unapoteza maji na chumvi, na bado hupoi. Usiku nao, kwenye chumba kimoja chini ya bati, fukuto haliondoki, kwa hiyo mtu anakwenda kazini na uchovu wa jana.

Watu hawakungoja semina ili wajirekebishe. Zege halilali, kila fundi anajua: ukianza kumwaga saa nne, jua la saa saba litakukuta humo humo. Ndiyo maana siku hizi kwenye saiti nyingi ninazopita mashine ya zege inawashwa saa kumi na mbili asubuhi. Bodaboda wamehamishia kijiwe chini ya mwembe. Haya yote ni maarifa yao wenyewe, na nayaheshimu sana.

Kinachoniumiza ni maji.

Januari nilikaa na mama lishe mmoja karibu na jengo linalojengwa. Ana majiko mawili ya mkaa, joto la chini na la juu. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana alikunywa kikombe kimoja cha chai. Ndoo ya maji ya kunywa ilikuwa hapo hapo, ina mfuniko na kikombe juu, ya wateja.

"Mama, mbona hunywi?"

"Dokta, nikinywa nitakojoa wapi?"

Choo cha kulipia kiko stendi. Akienda, nani ataangalia wali? Basi anabana mkojo mpaka arudi nyumbani. Tangu masika iliyopita ametibiwa UTI mara tatu, na mara zote aliamini ni uchafu wa vyoo. Mkojo wake, aliniambia, una rangi ya chai ya rangi. Hiyo ni figo inayolia. Huko Nikaragua na El Salvador wakata miwa wengi, vijana wasio na kisukari, wameharibikiwa figo, na joto pamoja na kukosa maji ni miongoni mwa sababu zinazoshukiwa zaidi.

Kwa anayefanya kazi nzito juani, kiasi ni kama robo lita kila dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu. Jasho likitoka kwa saa nyingi, maji matupu hayatoshi. Kula chakula chenye chumvi. Kibarua mpya asipewe ndoo za zege za siku nzima siku ya kwanza, maana mwili huchukua siku 7 hadi 14 kuzoea joto. Na mwenzako akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, usimwambie akapumzike peke yake. Mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mmwagie maji, mpepee, huku mkitafuta usafiri wa hospitali. Hapo ni dakika zinazookoa.

Lakini ushauri huu wote unakwama mlangoni pa choo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa na vyoo. Mama lishe hana mwajiri. Anawalisha vibarua wa saiti nzima, ila choo cha saiti si chake.

Nilimfuata mnyapara, tukazungumza kama dakika tano. Alisema hakuwahi kulifikiria jambo hilo, akamruhusu mama atumie choo cha saiti.

Nilipopita tena Februari, chini ya meza yake palikuwa na chupa mbili za lita moja na nusu. Moja tupu, ya pili imefika nusu. Ilikuwa saa sita na robo mchana.