RAM GB 2 na Linux: Yasemwayo Langoni na Yaliyo Kweli

Juzi maalim mmoja aliniletea laptopu yake hapa mtaani Langoni akiwa ameshakata shauri. "Hii imezeeka, nitazamie nyengine ya kununua." Ilikuwa na RAM (kumbukumbu ya muda, ambamo programu hufanyia kazi) ya GB 2, na tangu kuiwasha hadi kufungua barua, kahawa inapoa. Nikamwambia, "Maalim, niachie hadi alasiri."

Kwamba mashine imekwisha, si kweli. Kilichokwisha ni mfumo endeshi wake, Windows 10: Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka RAM ya GB 4 kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo laptopu kuukuu nyingi hazina. Linux ni mfumo endeshi mwengine wenye aina nyingi, na ile ya antiX, iliyojengwa juu ya aina iitwayo Debian, huanza kazi hata kwa MB 512.

Lakini wengine husikia Linux, wakadhani Linux yoyote ni nyepesi. La. Ubuntu ya kawaida, aina nyengine ya Linux, yenye madirisha ya GNOME, itailemea GB 2 vilevile. Uzito uko kwenye hayo madirisha na menyu. Chagua madirisha mepesi kama LXQt, Xfce au IceWM. Tazama pia prosesa: ikiwa ni ya biti 32, yaani ya kizamani, chaguo zimepungua. Lubuntu, ndugu mwepesi wa Ubuntu, iliachana na prosesa hizo baada ya toleo la 18.10, na Debian 13 ya mwaka 2025 haisakiniki tena humo.

Eti lazima uandike amri kwenye skrini nyeusi? Maalim anabonyeza menyu tu, na programu ya LibreOffice inamfungulia hati zake za Word, ingawa majedwali huyumba mara nyengine. Na kuijaribu Linux hakufuti kitu, kwani huwaka moja kwa moja kutoka kwenye fleshi. Siku ya kusakinisha ndiyo unakili faili zako kwanza.

Dhana inayotuponza zaidi tunaieneza sisi mafundi wenyewe: weka Linux, RAM kidogo haitakusumbua tena. Mlaji mkubwa ni brauza. Ukurasa mmoja wa video unaweza kula RAM kuliko antiX nzima. Ndiyo maana nilimwekea Maalim kizuizi cha matangazo, nikawasha zram, ambayo hubana data ndani ya RAM kabla haijamwagwa kwenye diski, kisha nikambadilishia diski ya kuzunguka kwa SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Hiyo SSD ndiyo aliyoihisi, kusema kweli.

Ukiandika free -h, amri ya kutazama RAM kwenye hiyo skrini nyeusi, ukaona RAM iliyo wazi ni kidogo, usishtuke. Linux huitumia RAM iliyokaa bure kuhifadhi faili zilizosomwa karibuni, na huiachia programu zikiihitaji. Soma safu ya available.

Na kuzimika ghafla, ambako Maalim aliilaumia Windows miezi yote? Niliichomoa RAM, meno yake yameshika utando. Upepo wa bahari huu hauna huruma. Nikayasugua na kifutio cha penseli, nikapangusa, nikairudisha. Haikuzimika tena.

Alasiri akaja, akafungua Facebook, YouTube na barua pepe kwa pamoja. Ikaganda.

"Maalim, moja moja."

Akafunga mbili, ikaendelea.