Panga mbili kiunoni, deni Kuramae

Kila nikimwambia mtu nasomea historia ya Japani swali la kwanza ni panga, eti kweli samurai, yaani askari wa tabaka la juu wa enzi hizo, alikuwa anaruhusiwa kumkata raia aliyemkosea adabu? Ruhusa ilikuwepo ndiyo, ila ukiitumia ilibidi ukajieleze kwa wakubwa, na maelezo yakigoma unaadhibiwa wewe. Mimi mwenzenu kinachonivutia ni tumbo. Huyu mtu alikula nini, na hela ilitoka wapi?

Kwanza nani bosi, maana watu huchanganya. Mfalme alikaa Kyoto, ana heshima zote ila jeshi hana. Mwaka 1192 alimpa Minamoto no Yoritomo cheo cha shoguni, mkuu wa majeshi, na toka hapo, ukiacha vipindi vifupi, watu wa panga ndo waliendesha nchi kwa jina la mfalme mpaka 1868. Chini ya shoguni kuna daimyo, mabwana wa majimbo, na kila daimyo ana samurai wake.

Zamani mipaka ya matabaka ilikuwa imelegea, mkulima anashika mkuki wakati wa vita halafu huyoo anarudi shambani. Toyotomi Hideyoshi mwenyewe alitoka familia ya chini kabisa akaishia kuishika Japani nzima. Na ndo huyohuyo aliyefunga mlango nyuma yake! 1588 aliamuru wakulima wanyang'anywe silaha, akawaambia chuma chake kitatengenezewa misumari ya jengo la sanamu ya Buddha, na 1591 akapiga marufuku askari kugeuka mkulima na mkulima kuacha shamba akafanye biashara.

Ukaja ukoo wa Tokugawa, mkuu wao Ieyasu akashinda vita ya Sekigahara 1600, akawa shoguni 1603, na uasi wa Shimabara ulipozimwa 1638 vita kubwa zikaisha kwa zaidi ya miaka 200. Sasa fikiria, jeshi zima halina wa kupigana naye. Samurai wakakusanywa mijini kwenye ngome za mabwana zao, wakawa makarani, wakaguzi, walinzi wa geti wanaopokezana zamu, na wengine zamu zenyewe zilikuwa siku chache kwa mwezi.

Mshahara ulipimwa kwa mchele, kipimo kinaitwa koku, kama lita 180, kwa makadirio chakula cha mtu mmoja mwaka mzima. Kuitwa daimyo lazima ardhi yako ihesabiwe koku 10,000 na kuendelea. Samurai mdogo wa shoguni pale Edo (ndo Tokyo ya leo) angeweza kuwa na marobota 100 ya mchele kwa mwaka, sawa na koku 35, analipwa kwa awamu tatu, robo, robo, halafu nusu, kwenye maghala ya Asakusa, mtaa wa Kuramae. Mtu na panga zake mbili apange foleni ya mchele kisha ahangaike kuuuza? Wakatokea madalali, fudasashi, wanampokelea, wanauza, wanakata chao wanamletea hela. Hela ikiisha kabla ya awamu ijayo wanamkopesha, rehani ni mchele ambao hata hajaupata, na ukitoka unapitia mikononi mwa huyohuyo anayemdai. Kausha damu kabisa, mkopeshaji ndo kashika kadi ya benki.

Na haikuwa ulevi tu au anasa kama wengine wanavyodhani. Kiwango cha mchele kilikuwa cha kurithi, babu alipewa marobota 100 na mjukuu anapewa 100 hayohayo, huku mashamba mapya yanafunguliwa mchele unashuka bei na vitu vingine vinapanda, halafu cheo kinamlazimisha awe na mtumishi na nguo za heshima. 1724 madalali 109 wakatambuliwa kama chama rasmi. 1789 Matsudaira Sadanobu, mkuu wa serikali ya shoguni, akafuta madeni yote yaliyozidi miaka sita. Samurai wakashangilia, kidogo tu madalali wakabana mikopo na wadeni walewale wakahaha.

Sasa vitabuni ngazi ilisomeka samurai, mkulima, fundi, mfanyabiashara mwisho kabisa. Ni mpangilio wa wafuasi wa Confucius huo, mwanafalsafa wa kale wa China, mtaani mstari mkubwa ulikuwa kati ya samurai na wengine wote, na nje ya ngazi kabisa waliwekwa watu waliobaguliwa waliokuwa wakichuna ngozi, japo ngozi hizo samurai walizihitaji. Wakati huo samurai wa mtaa wa Aoyama, hapohapo Edo, anatengeneza miavuli nyumbani apate hela ya mboga, wa mtaa wa Okubo anaotesha maua ya azalea auze.

Hata usamurai wenyewe ulinunulika, kwa mlango wa nyuma, mara nyingi unamlipa mwenye cheo aliyefulia amchukue mwanao kama mtoto wa kulea. Kulikuwa na kipofu mmoja wa jimbo la Echigo, serikali iliruhusu chama cha vipofu kukopesha, akatajirika hapo akamnunulia mwanawe nafasi ya usamurai. Kitukuu chake ni Katsu Kaishu, yule wa upande wa shoguni aliyekaa na Saigo Takamori, kamanda wa jeshi la mfalme, 1868 wakakubaliana Edo ikabidhiwe bila kupigwa vita.

Miaka minane baadaye, 1876, serikali mpya ikakataza kutembea na panga na mishahara ya kurithi ikageuzwa hati fungani. Wengi waliziuza hati hizo.