Mlimani mti si mti tu, na msitu hausubiri miche yako

Mvua zikikaribia simu zinaanza, tunataka miche tukapande Kilimanjaro, ukiuliza mnapanda kwenye mwinuko gani unajibiwa mlimani tu, mti ni mti. Hapana jamani.

Dhana inayonichosha kuliko zote ni kwamba msitu ukikatwa haurudi mpaka watu wapande miche. Chukua mkulo, ile kamfa iliyovunwa sana upande wa kusini. Kwa mbegu ni shida, hauzai kila mwaka, mbegu nyingi zinaliwa na wadudu zikiwa bado mtini, zilizopona nazo zikikauka kidogo basi zimekufa. Lakini mkulo ukikatwa mizizi yake inatoa machipukizi, mengine mbali kabisa na kisiki. Fukua taratibu pale chini ya kamche unakodhani kameota kwa mbegu, utakuta kameshikana na mzizi mnene wa mti mkubwa. Sasa kikundi kinakuja na mapanga kusafisha eneo, kinafyeka machipukizi yote kikidhani ni magugu, halafu kinachimba mashimo na kupanda grevilea kutoka kitalu cha mjini, yaani umeua msitu uliokuwa unarudi wenyewe ukaweka mti usio wa pale. Inaniuma sana. Kabla ya kushika jembe tembea eneo lote, chomeka kijiti kwenye kila chipukizi, punguza magugu yanayoyasonga, zuia mifugo, halafu subiri. Panda pale tu ambapo umekosa kabisa.

Ukifika kwenye mita 3,000 hivi mambo yanabadilika. Erika, ule mti wa juu mlimani wenye vijani vidogo vyembamba, inachipua tena kutoka kwenye shina lililoungua, mdobore, mti mwingine wa huko juu, unataka mwanga, chini ya kivuli kizito miche yake huioni, inaota palipofunguka, hata moto ulipopita. Ila msinielewe vibaya, moto ukirudi rudi kisiki kinachoka, na ndivyo msitu wa erika ulivyogeuka vichaka na mpaka wa juu wa msitu ukashuka. Kwa hiyo anayesema miti imeishia pale kwa sababu ya baridi tu anasema nusu. Baridi ipo, kila mita 100 unapoteza kama nyuzi 0.6, lakini Kilimanjaro moto nao umeshusha mpaka, na ule wa Oktoba 2020 wote tuliuona.

Eti ukizidi kupanda mvua inazidi? Upande wa kusini kilele cha mvua ni kwenye mita 2,200 hivi, baada ya hapo inapungua, kule juu kabisa ni jangwa.

Eti kila mlima una ukanda wa mianzi? Mlima Kenya na Aberdare sawa, Kilimanjaro upande wa kusini hauna.

Na kama ni lazima upande, mbegu iokotwe kwenye mwinuko ule ule na upande ule ule wa mlima. Mtarakwa ni wa kaskazini kwenye ukavu, usiupeleke kwenye ukungu wa mkulo.