Ile rangi ya kahawia kwenye kiko cha babu SIO uchafu

Jana tena. Mzee wa watu kaja na kiko cha babu yake kwenye mfuko wa rambo, kakitoa taratibu, kimekuwa cheupe kama chaki ya darasani, ananiambia "kijana nimekupunguzia kazi, nimekisugua na stilwaya usiku kucha uchafu wote umetoka." Nikanyamaza kwanza, maana ningesema kilichonijia mdomoni ningekosa adabu.

Huyo ni wa tatu mwaka huu, sasa naandika mara moja nisirudie tena.

Kiko cha mirshamu, lile jiwe jeupe jepesi linalochimbwa sana Eskişehir kule Uturuki (wenyewe wanaliita lületaşı, jiwe la kiko), kinatoka kwa fundi kikiwa cheupe na kimechovywa kwenye nta ya nyuki. Halafu mwenyewe anaanza kuvuta, miaka na miaka, jiwe lina vitundu vidogo vidogo linanyonya majimaji na lami ya tumbaku, joto linaichezesha ile nta, rangi inajitokeza pale shingoni na chini ya kichwa kwanza, njano, kisha asali, kisha kahawia iliyoiva kabisa. Hiyo rangi ni miaka ya mtu kukaa barazani anavuta. Anayenunua kiko cha zamani analipia hiyo, halafu wewe unaifuta kwa usiku mmoja.

Na sio rangi peke yake. Jiwe lenyewe ni laini, ukucha tu unalikwaruza, na mafundi wanaliloweka maji kabla ya kuchonga kwa sababu likilowa linazidi kulainika. Sasa wewe umelitia kwenye beseni la sabuni ya unga masaa mawili halafu ukaleta stilwaya, ulitegemea nini kibaki? Kile cha mzee ni mguu wa tai umeshika yai, mchongo maarufu sana karne ya 19, Vienna walikuwa mabingwa wa kazi hizi. Manyoya juu ya kucha yameisha, unapapasa kidole kinateleza tu. Ila katikati ya kucha mbili, pale stilwaya haikufika, kimebaki kidoa cha kahawia ukubwa wa punje ya mahindi, kinang'aa kama ganda la ukwaju. Nikamwonyesha kwa lenzi. Akakitazama weee, hakusema kitu.

Kwa hiyo: kitambaa kikavu laini, futa vumbi, ishia hapo. Mafuta ya nazi usipake. Masizi ya ndani usikwangue na kisu. Na KASHA jamani, lile la ngozi lenye mahameli ndani lililokatwa kufuata umbo la kiko, msitupe, mara nyingi jina la duka na mji limepigwa ndani ya kifuniko na hapo ndo mimi naanzia kazi ya kutambua kiko kimetoka wapi. Nimeshakuta mtu kaweka sindano za kushonea humo, kiko kimefungwa gazeti.

Mengine haraka haraka, yale mnayoniambia mkileta viko.

"Ni pembe ya ndovu." Ndugu, pembe ni nzito na ukiikata ina mistari inayopishana kama wavu, mirshamu ni nyepesi na haina mistari hiyo. Na ingekuwa pembe kweli usingekuwa unaipigia debe, biashara hiyo ni jela.

"Kimeandikwa KIKO na kina picha ya ndovu, hiki cha enzi za Mjerumani." Hapana. Hivyo ni vya Tanganyika Meerschaum Corporation, vilitengenezwa hapahapa Arusha kuanzia miaka ya 1950, jiwe la kwetu la upande wa Amboseli, Mjerumani alishaondoka siku nyingi. Kikiwa na neno Tanzania basi ni cha 1964 au baadaye. Mimi navipenda sana hivi, ila vilitoka vingi, usitegemee kununulia kiwanja.

"Kina kichwa cha mtu wa kilemba, huyu Sultani Barghash." Jamani! Waturuki wamechonga masultani wa vilemba kwa maelfu kuwauzia watalii, vingi havijafika hata miaka 60.

"Pete ya fedha ina nanga, kilikuwa cha nahodha." Nanga ni alama ya ukaguzi wa fedha ya Birmingham, mji wa Uingereza ambao hata bahari hauna. Tazama herufi iliyo pembeni yake, hiyo ndo inakupa mwaka.

"Mdomo wake ni kaharabu." Labda. Kaharabu, yaani utomvu wa miti wa kale ulioganda, inaelea kwenye maji yaliyokolezwa chumvi, bakelaiti, ile plastiki ya zamani, inazama, ila plastiki nyingine nazo zinaelea kwahiyo usishangilie mapema. Sandarusi, utomvu ulioganda ila si wa kale kama kaharabu, nayo inawadanganya wengi, tone la spiriti linaifanya inate. Na ukijaribu chomoa mdomo kwanza, USIZAMISHE KIKO KIZIMA, tumeshaongea habari ya maji.

"Mtandaoni nimekiona dola 2,000." Hiyo ni bei mtu anayoomba, hata mimi naweza kuomba. Tafuta vilivyouzwa.

Mzee wakati anaondoka aliniuliza eti akianza kukivuta mwenyewe rangi itarudi? Nikamwambia itarudi, kipakwe nta kwanza, halafu ahesabu miaka. Akacheka. Ana sabini na kitu, na tumbaku daktari kamkataza.