Wasiwasi si jina jingine la umaskini

Juzi baada ya Alasiri, barazani kwetu Ngamiani, mwenye dele hajamaliza kuzungusha vikombe ubishi ulishapamba moto. Mmoja anasema Wamarekani walimchagua Trump mwaka 2016 kwa wasiwasi wa kiuchumi, "njaa tu, hamna lingine." Wa pili akamkata: ni chuki kwa wageni, uchumi ni kisingizio. Nimeusikia ubishi huu redioni na vijiweni mara nyingi mno, na kila mara unakwama palepale, kwenye neno wasiwasi kufanywa jina jingine la umaskini.

Trump huitwa populisti, na populisti, kwa ufupi, ni mwanasiasa anayeigawa nchi mafungu mawili, wananchi halisi na wakubwa waliowasaliti, kisha akadai yeye peke yake ndiye sauti ya hao wananchi. Kupendwa na wengi si sharti. Wapo walioangushwa kwenye kura na bado ni mapopulisti. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu ni wasiwasi. Neno limetoka kwenye Kiarabu, waswas, na asili yake ni mnong'ono. Aliyepita chuo cha Kurani hapa Tanga amelitamka kabla hajajua kusoma vizuri, maana limo katika Suratun-Nas, tunapoomba kinga dhidi ya shari ya yule anayenong'ona vifuani mwa watu. Ndani ya neno hili moja, basi, mna wawili: mwenye kifua na mwenye kunong'ona. Umaskini hauhitaji mnong'onaji. Mfuko mtupu ni mtupu hata ukiwa peke yako chumbani. Wasiwasi humwandama zaidi mwenye kitu cha kupoteza: aliyebakiza marejesho mawili ya bodaboda, aliyeezeka mwezi uliopita, mwenye meza sokoni anayeona meza ngeni inatandikwa mbele yake.

Tazama huko Marekani kwenyewe. Wapigakura waliohojiwa wakitoka vituoni mwaka ule, wale wa kipato cha chini ya dola 30,000 kwa mwaka wengi wao walimpa mpinzani wake Trump, Hillary Clinton. Njaa peke yake, basi, haitoshi. Mchumi David Autor na wenzake wakaonyesha kwamba maeneo ambayo viwanda vyake vilizidiwa na bidhaa za China yaliegemea zaidi kwa Trump. Naye mtafiti wa siasa Diana Mutz, mwaka 2018, akakuta kuwa kuyumba kwa mfuko wa mtu mwenyewe kulieleza kidogo sana kura yake. Kilichoeleza zaidi ni hofu ya kundi lake kushushwa hadhi. Watu wanazishika tafiti hizi kama majogoo ya kupiganisha. Lakini moja inasema juu ya mji, nyingine juu ya mtu. Kiwanda cha mji kinaweza kufungwa, na mzee ambaye pensheni yake haijaguswa hata senti akakosa usingizi kwa yale anayoambiwa kuhusu kufungwa huko.

Marehemu mjomba wangu alikuwa akianika singa kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Miaka ya 1960 nyuzi za plastiki zikaingia sokoni, bei ya mkonge ikaanguka, kazi zikapungua. Mjomba alikuwa akisema hakuwahi kumsikia mtu kambini akiilaani plastiki. Plastiki haina uso, haichoti maji kisimani pako. Waliolaaniwa ni manamba, vibarua wa mkataba waliotoka mbali, ambao nao walikuwa wanapunguzwa vilevile.

Kwa hiyo, kaka yangu wa barazani, ukikusudia njaa sema njaa, au dhiki, au ukata. Maneno tunayo tele. Ukisema wasiwasi, umeshakubaliana nusu na huyo unayebishana naye, kwa sababu mnong'ono una maneno yake, na mara nyingi ndani yake mna jina la jirani.